Wanaume wa kwetu ni wema, na bado mimi ni feministi

Swali hili sijawahi kuulizwa na adui. Wanaoniuliza ni watu wanaonipenda. Shangazi ameniuliza, rafiki yangu wa sekondari ameniuliza, na kwenye sendoff moja hapa Mwanza aliniuliza mzee tuliyekaa naye meza moja: "Mama, baba yako kakusomesha, kaka zako hawana neno, mumeo namwona anabeba mtoto. Sasa huo ufeministi ni wa nini?" Hakuwa na shari, alitaka kuelewa. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu muziki ulikuwa juu. Hapa najibu kwa kirefu.

Aliyoyasema yote ni kweli. Baba alilima kahawa na migomba huko Muleba, na kwa pesa ya kahawa hiyohiyo wasichana wote wa nyumba yetu tulikwenda shule tukakaa bweni. Wenzake kilabuni, wakinywa lubisi, walimwambia anawasomeshea watu wake zao. Hakuwajibu. Alilipa ada. Kaka yangu mkubwa hajawahi kuninyanyulia sauti. Mume wangu akirudi kazini anamwogesha mtoto bila kuombwa. Sina hata mmoja wa kumlalamikia.

Ninachokilalamikia ni kwamba kila kizuri nilichopata maishani kilipitia mkononi mwa mwanamume aliyeamua kuwa mwema. Angeamua vingine, hakuna mlango ambao ningeugonga nikafunguliwa. Nimeishi ndani ya wema huo tangu utoto, ndiyo maana najua unaishia wapi.

Nieleze kikao cha ukoo.

Baba alipofariki, baada ya matanga, wazee walikaa kikao. Kwa asiyejua, kikao hiki si mazungumzo ya kufarijiana. Muhtasari wake ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kwa mazoea, bila muhtasari ni shida kumpata msimamizi, na bila msimamizi benki haitoi hata senti na chama cha msingi cha ushirika hakilipi kahawa ya marehemu. Anayeandikwa kwenye karatasi ile ana neno juu ya mali. Asiyeandikwa ataletewa habari.

Wanaume walikaa sebuleni, wengine kwenye viti vyetu, wengine kwenye mabenchi tuliyoazima kigangoni. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, jikoni, masufuria ya ndizi na maharage yakiwa motoni, maana wageni lazima wale. Nikaitwa. Baba mdogo alisema mimi nina mwandiko mzuri na kazi yangu ni ya vitabu vya hesabu, nije niandike. Nikafuta mikono, nikachukua kaunta buku, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa kuelekea uani.

Nikaandika tarehe, nikaandika ajenda, halafu nikaandika "Waliohudhuria" na kupiga mstari chini yake. Baba mdogo akawa anataja majina, mimi natia namba. Aliandikwa hadi kijana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa binamu, ambaye muda wote alikuwa ameinamia simu yake. Majina yalipoisha nikaongeza la mama, la dada yangu mkubwa, na la kwangu. Baba mdogo akainama akasoma.

"Hapana, hapo usichanganye. Andika waliohudhuria."

"Baba, mama yupo."

"Yupo wapi? Mama yuko jikoni."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mwandishi, mwanangu."

Alisema kwa upole kabisa. Huyu ndiye aliyetoa gari lake kwenda kuchukua mwili wa baba Bugando, na ndiye aliyelala kwenye majani sebuleni siku zote za msiba. Hakukusudia kumdhulumu mtu. Kwa macho yake mimi sikuwepo pale, ingawa maneno yote ya kikao yalikuwa yanapita kwenye vidole vyangu.

Kaka mkubwa ndiye aliyesema, "Baba mdogo, yaache hayo majina. Na mama aitwe aje akae hapa." Mama akaitwa. Alikuja amejifunga khanga, mikono bado ina unyevu, akatafuta mahali pa kukaa chini, na kaka akamwachia kiti chake. Majina yakabaki. Mama akaweka dole gumba na mimi nikasaini.

Kila nikisimulia hili, kuna mtu husema: si umeona, kaka yako alisimama nanyi, tatizo liko wapi? Hapo ndipo tunapoachana njia. Jina la mama lilibaki kwenye karatasi kwa sababu kaka alifungua mdomo. Je, angekuwa safarini? Angemwogopa baba mdogo? Mama ameishi kwenye kibanja kile, yaani shamba linalozunguka nyumba yetu, tangu alipoolewa, migomba mingi iliyopo ameipanda yeye, ameizungushia nyasi na samadi miaka yote, na siku ya kuamua nani ana neno juu ya kibanja hicho alihesabiwa kuwa yupo kwa fadhila ya mtoto aliyemzaa humohumo.

Ng'ambo ya mstari wa milamula unaotutenganisha na jirani aliishi mama mwingine, rika la mama yangu, ndoa ya kanisani kama ya mama yangu. Mume wake alipofariki, shemeji zake walikaa kikao kama chetu. Mama huyo alijaliwa mabinti watupu, kwa hiyo hakukuwa na wa kusema "yaache hayo majina." Kabla mwaka haujageuka alikuwa amehamia kwa binti yake mjini Bukoba, kwenye chumba cha kupanga, na kahawa aliyoipalilia inachumwa na wengine. Mila ni moja na kijiji ni kimoja. Kilichowatofautisha wajane hawa wawili ni tabia ya mwanamume mmoja.

Wengi wanadhani haya ni maneno ya wazee tu yasiyo na nguvu. Yameandikwa. Mwaka 1963 Serikali ilichapisha Tamko la Sheria za Mila, Tangazo la Serikali Na. 436, na humo warithi wamepangwa kwa madaraja matatu. Mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume la pili, mabinti la tatu. Ardhi ya ukoo binti anaweza kupewa aitumie lakini asiiuze. Mjane ndiye aliyenishtua zaidi: hana fungu lolote iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, bali fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Soma tena. Fungu lake ni kutunzwa. Wengine wamegawiwa mali, yeye amegawiwa wema wa wenzake, na wema huo usipokuja hakuna kifungu cha kuudai.

Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka sheria hiyo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ni ya kibaguzi, lakini ikakataa kuitengua. Walipokata rufaa wakasubiri miaka, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe kwenye nyaraka za mahakama. Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema Tanzania imevunja haki zao. Hebu fikiria umbali huo, toka Shinyanga hadi Umoja wa Mataifa, kudai kitu ambacho shemeji mwenye moyo mzuri angekitoa kwa neno moja.

Sisi Wahaya tuna kesi yetu, na inanipa fahari ninapoikumbuka. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Alipozeeka na kuona hana wa kumtunza, mnamo Agosti 24, 1988 aliiuza kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephraim, alikuwa ameshafungua kesi Mahakama ya Mwanzo, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ikakubaliana naye. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu hapa Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, na mnamo Februari 1990 akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale aliyonayo mwanamume.

Ninachokipenda katika kesi ile ni kwamba Holaria hakuambiwa atafute mpwa mzuri zaidi. Alikuwa bibi mzee asiye na mtunzaji, kwa hiyo wema haukuwepo, na bado alishinda. Hapo ndipo ninapouelewa ufeministi wangu. Ni kutaka mwanamke awe na pa kusimama hata siku ambayo hakuna mtu mwema nyumbani.

Watu husema mila yetu ndiyo hiyo, isiguswe. Bibi yangu mzaa baba alikamata senene kila msimu. Aliamka usiku, akarudi na kapu, akakaa na wakwe wenzake kunyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikawa na mafuta, akawakaanga, akawapeleka mezani kwa babu. Yeye hakula. Kwa wanawake wa zama zake senene walikuwa mwiko, kuku na mayai vilevile. Babu alikuwa mtu wa huruma. Shangazi anasimulia kwamba alimbakizia konzi moja kwenye jani la mgomba nyuma ya nyumba, naye bibi akala gizani watoto wakiwa wamelala. Leo nenda stendi ya Bukoba mwezi wa 11 uone akina mama wanavyouza na kutafuna senene mchana kweupe. Ukoo haukuvunjika na migomba haikukauka. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mila haiguswi. Imeguswa, na wanaokula sasa hawamshukuru mume yeyote kwa kubakiziwa.

Suala la nani anamiliki kipi kwetu lina mizizi kwenye mimea yenyewe, na sioni watu wakilizungumza. Kahawa na migomba ni mazao ya kudumu, na kilicho cha kudumu ni cha mwanamume. Mwanamke alipewa kipande kule rweya, kwenye ardhi ya nyasi isiyo na rutuba, alime karanga, njugu mawe na viazi vya msimu. Akishavuna, ameshavuna, hana kilichosimama ardhini kesho yake. Mama alichuma kahawa, akaianika, akaigeuza juani, akaikimbilia mvua ilipotaka kunyesha. Kitabu cha chama cha msingi kilikuwa na jina la baba na malipo yaliingia kwenye akaunti ya baba. Baba alikuwa mwema, kwa hiyo pesa ikawa ada yetu. Nyumba kadhaa kwenye njia ileile pesa hiyo ikawa pombe, na mke wa pale aliianika kahawa kwa jasho lilelile.

Nisije nikawafanya wasomaji wa mjini waone haya ni ya vijijini. Nilipojifungua, mwajiri niliyekuwa naye wakati huo alinipa likizo yangu ya siku 84 bila matata. Nikarudi kazini, maziwa yanajaa, mtoto yuko nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Nikaenda kwa meneja wangu. Alinisikiliza, akatabasamu, akasema, "Usijali dada, tutakuvumilia. Mimi mwenyewe nina mke." Na kweli alinivumilia. Ila kila nilipotoka saa tisa nilipita kwenye madawati ya wenzangu kama mtu aliyesamehewa deni. Meneja alipohamishwa akaja mwingine asiyekuwa na moyo ule, na uvumilivu ukakoma siku hiyohiyo. Nilikwenda na nakala ya sheria, nimeikunja kwenye kifungu cha 33. Akaisoma na saa zangu zikarudi. Tangu siku hiyo sikutembea tena kwa kuinamisha kichwa, na simshukuru mtu.

Sheria hiyo pia ina upande wa pili ambao wanaume wangepaswa kuupigania wao. Baba anapata likizo ya siku 3 tu. Mume wangu alimaliza siku zake kabla kitovu cha mtoto hakijakauka. Akaanza kuamka usiku, asubuhi akaenda kazini amechoka, na majirani wakaniambia nimepata mume. Ni kweli nimempata. Lakini mimi nikimwogesha mtoto yuleyule, kwenye beseni lilelile, hakuna anayemwambia amepata mke. Yeye ameliona hilo kabla yangu na huwa linamkera. Anasema anasifiwa kama mgeni aliyeosha vyombo.

Kazi ya nyumbani ina thamani, na hilo nalo si wazo la kuletwa na ndege. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali waliyochuma wanandoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu mahakama iliona fungu lake limeshakwenda kwenye fedha alizokuwa amepewa na mume za kufanyia biashara. Ila wanawake wengi waliokuja baada yake wamepata kwa mgongo wake. Na kabla ya hapo, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilishasema wazi kwamba vijijini wanawake wanafanya kazi sana, saa 12 hadi 14 kwa siku, na hata Jumapili na sikukuu. Wanaotuambia "haya mambo ya Beijing" wasisahau kwamba mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe, kisiwa kilichopo ziwa hilihili ninalolitazama nikiandika. Hatukuazima.

Sasa nafika mahali ambapo wanawake wenzangu wengine hunikasirikia. Mimi naenda kazini kwa sababu kuna binti anabaki na mwanangu. Kama hoja yangu ni kwamba wema wa mwenye nguvu hautoshi, basi nyumbani kwangu mwenye nguvu ni mimi. Nasikia sana kwenye vikoba vyetu: "Dada wangu wa kazi naishi naye kama mwanangu." Mwanao ana siku ya kupumzika? Anajua mshahara wake unaingia tarehe ngapi? Akiugua anajua nani analipa? Huyu wa kwetu ana mkataba wa maandishi, tulikaa mezani yeye, mimi na mume wangu, akausoma, akauliza maswali, akaongeza kipengele cha Jumapili, akasaini, na nakala anayo kwenye begi lake. Kuna shoga yangu alisema namharibu. Nilimwambia kwamba sitaki binti huyu aishi kwa kutegemea kwamba nimeamka vizuri. Feministi anayedai haki sebuleni kwa wazee halafu jikoni kwake akagawa hisani, mimi simwelewi.

Na sasa kuhusu kibanja chetu. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi. Amesema mbele yetu sote kwamba kibanja ni cha mama mpaka siku zake za mwisho, na kwamba sisi mabinti tuna sehemu zetu. Namwamini kwa moyo wote. Nimemwambia pia kwamba nataka aliyoyasema yaandikwe, na kwa kuwa ni mtu mwelewa hakuchukia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila yoyote inayomnyima haki hiyo kwa sababu ni mwanamke haina nguvu. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba jina la mama. Likishaandikwa, kaka akifa kabla yake, Mungu apishe mbali, mke wa kaka au watoto wa kaka hawatahitaji kuwa wema ndipo mama alale kwake.

Mama mwenyewe alipoambiwa aliguna. "Waitu, mwanangu, mimi mzee huyu na hati ya nini? Kaka yenu atanifukuza?" Nikamwambia hatakufukuza, na ndiyo maana tuifanye sasa, wakati hakuna ugomvi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hati hiyo inaandikwa jina la ndoa au lile alilobatizwa nalo. Nikajua amekubali.

Desemba wote tunakwenda nyumbani. Nimeshaongea na mtendaji wa kijiji kwa simu: anataka muhtasari wa kikao, barua ya uteuzi wa msimamizi, majirani wa mipakani waje waoneshe alama, na picha za pasipoti. Dada, kama unasoma hapa, zile picha tulizompiga mama Pasaka ziko kwako. Usizisahau kwenye droo.